Nipo Kibaigwa

Binti yangu alipopata kazi Dar, mimi niliupima umbali kwa njugu mawe. Kila alipokuja kunitembelea alipanda basi alfajiri, nami hapa Dodoma nilishinda nikimngoja, simu kiunoni, nikizozana na kuku. Basi likifika Kibaigwa, kwenye soko la mahindi ambako malori hayaishi kuziba njia, alinipigia: "Mama shikamoo, nipo Kibaigwa." Hapo ndipo nilipobandika njugu nilizoloweka tangu jana yake. Hazina haraka zile. Akibisha hodi zimeiva, nami nasonga ugali wa uwele, anakula na vumbi lake miguuni.

Halafu akapanda cheo, ofisi ikawa inamkatia tiketi ya ndege. Majirani wakanipongeza, eti sasa Dar ni pua na mdomo. Kama saa moja tu angani, hata maji ya njugu hayajachemka. Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani nitamwona kila mara. Kumbe anatua asubuhi, anaingia kwenye kikao mjini, jioni huyo, kapaa. Mara nyingi nilijua alikuja wakati ameshaondoka. "Nitalala siku nyingine, Mama." Ile ndege niliichukia, sifichi. Ikipita juu ya bati langu nilikuwa naisonya. Nilikuwa na hamu naye, basi. Nilitaka alale kwangu usiku mmoja, tupige soga mpaka tusinzie.

Kabla treni ya umeme haijaanza, aliniambia angekuja wiki hiyo kikazi, siku haijui. Nikawa naloweka njugu kila jioni, kesho yake nazipika na kuzila mwenyewe. Alhamisi mchana simu ikaita. "Mama shikamoo, nipo Kibaigwa." Mtandao ukakata palepale.

Sikungoja apige tena. Safari hii kaja kwa basi, mwanangu, na mtu wa basi hageuzi siku hiyohiyo. Niliwasha moto, nikabandika, nikatandika kitanda chake kwa shuka ninazoziweka kwa ajili ya Krismasi. Nikajikuta naimba nyimbo za kwaya.

Maji yalikuwa yanatokota alipopiga tena.

"Samahani Mama, mtandao. Nilikuja asubuhi kwa ndege. Ya kurudi imeahirishwa, ofisi ikatupa gari, ndiyo tunarudi Dar. Tulipofika Kibaigwa nikakukumbuka."

Nikaitazama sufuria. Kisha akauliza taratibu, nadhani ndiyo kwanza anayasikia maneno yake mwenyewe.

"Mama, hujabandika njugu?"

"Njugu za nini?" nikamwambia. "Hata moto sijawasha. Nendeni salama, mwambie dereva asikimbize gari."

Nikaweka simu chini, nikachochea kuni. Njugu zilikuwa bado ngumu.