Binti yangu alitaka CBG, nikaenda shuleni kumhamishia PCB kwa kelele

Habari za jioni wakuu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kazi yangu kugonga like na kupita. Leo naandika mwenyewe, na sitatia chumvi, maana hii habari ilivyo tu imeshaninyima raha ya kutosha.

Nina duka la pembejeo hapa Moro mjini. Mbegu, mbolea, dawa za kupulizia. Wateja wangu wengi ni wakulima wa Mgeta. Wakishashusha mboga sokoni wanapitia kwangu kuchukua dawa, ndipo wanapanda mlima kurudi kwao.

Binti yangu mkubwa, tumwite Zuhura, amekulia kwenye hilo duka. Mkulima akileta jani la kabichi lenye ugonjwa, Zuhura analigeuza huku na huku, anamhoji mzee wa watu: umepanda lini, shamba liko bondeni au juu, jirani yako naye ugonjwa umempata?

Mtu mwenye akili angeona hapo mtaalamu wa kilimo. Mimi niliona daktari wa hospitali, koti jeupe na kila kitu. Nikaanza kumwita Dokta mbele ya wateja, na wao wakaitikia.

Matokeo ya Form Four yakatoka vizuri. Geography A, Biology na Chemistry B, Physics C ya kusukuma. Akachaguliwa CBG, yaani Chemistry, Biology na Geography, shule ya bweni ya serikali humu humu mkoani.

CBG aliiomba mwenyewe. Na aliniambia kabisa, "Baba, mimi nataka kusomea kilimo, mambo ya udongo."

Nikamjibu tutaongea. Hatukuongea.

Wenye watoto Form Five mnajua, wiki za mwanzo kunakuwa na kuhamahama kombi, ule mchanganyiko wa masomo matatu. Basi nikapanda basi asubuhi kwenda kumhamishia PCB, ile yenye Physics badala ya Geography, shati limenyooshwa, mkononi kiroba cha karoti na viazi kwa ajili ya walimu. Msinicheke jamani.

Ofisi ya mwalimu wa taaluma ilikuwa imejaa wazazi. Wenzangu waliongea kwa sauti ya chini, kama watu wazima. Mimi niliongea kama nanadi mitumba.

"Mwalimu, mtoto ana C ya Physics halafu mnamweka CBG? Akawe bwana shamba? Mabwana shamba mimi nawajua, wanakuja dukani kwangu viatu vimeisha soli!"

Mwalimu mmoja kijana aliyekaa kwenye kona akacheka. Nikadhani tunacheka wote, nikaongeza sauti. Nikasema Geography ni somo la kuangalia mawingu, na mawingu hata mimi nayaona bure pale kwenye milima ya Uluguru.

Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mpole, akaniambia, "Mzee wangu, kombi anachagua mwanafunzi. Ngoja tumwite mwenyewe."

Zuhura akaja. "Shikamoo baba." Akawaamkia na wale wazazi wengine. Mwalimu akamwuliza anataka kusoma kombi gani.

Akaniangalia. Akaangalia dirishani. Kisha akasema, "PCB, mwalimu."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wakuu, nilitoka pale kifua mbele. Nilirudi dukani nikamtangazia kila mteja kwamba Dokta sasa yuko njiani. Hadi kiroba cha walimu nilisahau kukikabidhi, nikakiacha tu kule ofisini.

Likizo fupi akarudi amekonda. Physics ilikuwa imemtoa jasho, alipata alama ambayo sitaiandika hapa. Nikaanza kumhutubia mambo ya bidii, kwamba wenzake wanaweza, yeye ana nini.

Mama yake akanikatisha. "Baba Zuhura, umewahi kumwuliza kwa nini siku ile alisema PCB?"

Nikamwuliza. Zuhura alikuwa anapanga chupa za dawa kwenye shelfu, hata hakugeuka.

"Baba, ulikuwa unapiga kelele. Wenzangu walijaa dirishani wanacheka. Nilitaka tu uondoke."

Nilitoka nje nikajifanya napanga mifuko ya mbolea.

Aibu niliyoipata sijawahi kuipata maishani. Mtoto aliweka rehani miaka yake miwili ili baba yake atoke ofisini. Na mimi nilichukua ile "ndiyo mwalimu" nikaja kuitambia mjini.

Nimempigia mwalimu wa taaluma. Kasema nafasi ya kurudi CBG bado ipo ila siku zinakimbia, na mzazi afike mwenyewe. Nikamwambia Zuhura nitakwenda, nitaomba radhi, sitapaza sauti.

"Baba, aje mama."

Nikamwambia basi niwasindikize, nitasimama getini tu.

"Baba, wewe baki dukani." Kwa heshima zote, macho chini.

Kwa hiyo kesho wanaondoka wawili. Mimi ndiye niliyewafungia mabegi.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwambia anataka kusoma nini, mjibu siku ile ile, na nyumbani. Ukimfuata nayo mbele ya watu, atakupa jibu la kukunyamazisha, na wewe utaliita utii.

Karibuni, nisemeni mtakavyo, nimestahili. Ila wenye uzoefu naomba mnijibu hili moja: mtoto akishakuonea aibu, huwa inaisha?