Kaa Waliokufa kwenye Banio

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mtu aligeuka mfanyabiashara. Mmoja wa mjini Moshi akataka kuvua kaa wa mto wetu wa Uru awauzie mahoteli, na ofisi ya uvuvi ikanituma mimi, binti wa hukohuko, nikaangalie kwanza kama wapo wa kutosha, asije akawamaliza. Nilikuwa nawatega kwa vikapu, nawapaka rangi ya kucha mgongoni, nawaachia, kisha natega tena nione waliopakwa ni wangapi kati ya wanaoingia. Majirani walinicheka kwamba nimesoma kote huko nije kuremba kaa.

Asubuhi moja nilifika kwenye banio, pale maji yanapouacha mto na kuingia mfongo, mfereji wa ukoo unaoteremka hadi migombani kwetu. Kikapu cha kwanza, kaa wote chali. Cha pili vilevile. Nikamnusa mmoja mwenye rangi yangu. Alinuka dawa ya kahawa, ile sumu ya kunyunyizia wadudu. Huko juu kuna mtu alikuwa ameimwaga mtoni apate samaki wa haraka. Na zamu ya maji siku hiyo ilikuwa yetu, na mama yangu alikuwa nyumbani na mwanangu, akimpikia uji kwa maji ya mfongo.

Sasa, kwetu mwanamke hagusi banio. Wanaume ndio wanaolifunga na kulifungua. Mwanamke akiligusa, wanasema maji yatakauka, na ukoo mzima utamtenga. Nilikulia ndani ya hofu hiyo na diploma haikuiondoa. Nikaita mwanaume yeyote, mara nyingi, hakuna aliyeitika. Basi nikaingia, nikaziba kwa mawe, tope na magome ya migomba, huku nalia kwa woga.

Lakini maji yaliyokwisha kupita yalikuwa mbele yangu. Mfongo huzunguka kilima, njia ya miguu inakata moja kwa moja. Nikakimbia, naanguka, nainuka.

Mama alikuwa amempakata mtoto, kikombe kimefika mdomoni. Nikakipiga kikaruka.

“Una kichaa wewe?”

“Maji ya wapi hayo?”

“Ya jana, ya kwenye ndoo. Ya leo yamekatika kabla sijachota.”

Nikakaa chini uwanjani. Ndipo mama alipoliona tope mpaka viwikoni mwangu, akaelewa. Hakunigombeza. Alichukua maji yaleyale ya jana, akaninawisha hadi ndani ya kucha.

“Hukufika kule,” akanong'ona. “Umesikia, mwanangu? Hukufika.”

Njiani wanaume wawili wa ukoo walikuwa wanapanda kilima na majembe, wanakwenda kufungua maji. Mama akanishika gauni. Nikajinasua, nikawafuata, mikono misafi.

“Shikamooni, wazee,” nikasema. “Msifungue, maji yana sumu. Ni mimi niliyeziba.”