Babu na Kitasa cha Mwalimu

Juzi nilirudi Katuba, nikapita mtaa wetu wa zamani. Mbele ya nyumba ya mwalimu, jirani yetu, bado lipo lile gari lake kuukuu, mlango wa dereva umefungwa kwa waya. Mwalimu amezeeka. Akaniita, akalalamika: "Mwanangu, bafundi ba vitasa beko wapi siku hizi? Bavijana banavunja tu." Nikamwitikia kwa heshima, nikaenda zangu. Rafiki yangu, nilitembea na hasira mpaka nikafika barabara kubwa.

Maana fundi alikuwapo. Alikuwa babu yangu, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, chini ya mabati mawili. Watu wa mjini walimletea magari ya kizamani yenye milango isiyofunga au isiyofunguka. Babu alibandua ngozi ya ndani ya mlango, akatoa kitasa, akakilaza kwenye bakuli la petroli, harufu yake ikachanganyika na ya sombe, majani ya muhogo aliyopika bibi. Ulimi wa kitasa ukiwa umelika, aliuongezea kipande chembamba cha shaba, akakipiga tupa taratibu. Kazi yangu ilikuwa kusugua skrubu kwa mchanga, na ole wangu ikipotea hata moja. Mwishowe alisukuma mlango kwa kidole kimoja, akisikiliza. "Mulango banaufungaka," alituambia, "habaupigake."

Aliyepoteza ufunguo hakufunguliwa gari hivi hivi. Babu alimwuliza kwanza: "Uniambie, chini ya kiti kuko nini?" Asiyejua aliondoka kama alivyokuja, hata kama alivaa tai.

Asubuhi moja mwalimu alikuta redio ya gari lake imeibwa. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo, na babu alikuwa amekitengeneza wiki ileile. Mwalimu akasimama katikati ya barabara, watu wakienda sokoni, akampazia babu sauti: "Ni weye tu unajuaka kufungula huu mulango. Mwizi!" Mimi nilikuwa nimeliona gari lile jana yake jioni, mlango haukufungwa sawasawa. Nikaanza kusema. Shangazi akanifinya mkono: "Mutoto hasemake kwenye bakubwa beko." Nikanyamaza, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Wateja wakakatika. Nani angempelekea mwizi kitasa chake? Miezi ikapita, kisha mwalimu akaja kwa mlango wa nyuma, kuku mkononi. Mwanawe mwenyewe alikuwa amekiri kwamba alisahau kufunga gari. "Papa, unisamehe," alinong'ona. Babu akampokea kuku, bibi akampika. Mimi sikula, nikakemewa kwa kukosa adabu.

Adabu gani? Alitukana barabarani, akaomba msamaha jikoni. Mtaa haukusikia kitu. Babu alimaliza maisha yake akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, tupa zake zikiliwa na kutu, na hakumfundisha mtu yeyote kazi ile. Alisema hatamrithisha mtoto wa mtu matusi.

Siku ya kilio chake, msibani, nilikuwa nikigawa maji. Nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Ni ule muzee alikuwa anaiba mu motokari ya bantu." Mwalimu alikuwa ameketi karibu yao, sahani ya bukari, ugali wetu, mapajani. Alisikia, nilimwona akisikia. Akaendelea kula.