Teke Nililopiga Nikiwa Nimevaa Tai

Mwanangu, kuna siku moja kule Sakania ambayo hata nikiisahau mimi, watu wa kule hawataisahau. Nitakusimulia yote, maana nasikia magoti yako yameanza kukusumbua na klabu imekuahidi kiti cha ofisini. Kaa vizuri. Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu mpaka leo anacheka.

Nilikuwa mshambuliaji wa klabu yetu ya hapa Lubumbashi tangu nina miaka kumi na minane. Nikipita mtaa wa Karavia, watu walisimamisha magari kunisalimia: Papa Rama, Papa Rama. Jina langu kamili ni Ramazani, lakini mashabiki hawana muda wa majina marefu. Halafu goti la kulia likagoma, na la kushoto likalifuata kwa kumhurumia mwenzake. Rais wa klabu akaniita, akaniambia nitakuwa sekretari, na kwamba Mama Veronika aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi atanifundisha kabla hajapumzika.

Mama Veronika alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, wa ukoo uliotoka kaskazini ya Katanga. Alikuwa mfupi, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Hakuwa msemaji. Siku ya kwanza aliniwekea mezani leseni za wachezaji, barua za ligi na daftari la kadi za njano. Nikaviangalia kama mtu aliyeambiwa amenye gunia la vitunguu.

"Mama," nikamwambia, "mimi najua mpira."

"Mupira unayua," akanijibu. "Makaratasi hauyue."

Nilidhani ananitania. Wiki ile sikulifungua daftari. Nilikwenda kwa fundi, nikashonesha suti ya buluu, nikanunua tai na viatu vyenye ncha. Basi tukasafiri hivyo mpaka Sakania, vijana na mabegi yao, Mama Veronika na faili lake, mimi na suti yangu.

Zilikuwa zimebaki mechi mbili msimu uishe. Tukishuka daraja, klabu ingevunjwa na vijana wale wangetawanyika. Sare ya Sakania ingetutosha. Mpaka dakika za mwisho tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Nafasi yangu ilikuwa kwenye benchi, lakini nilikuwa nimesogea kidogo kidogo hadi karibu na goli letu, nikijifanya napiga simu. Kipa wetu Kazadi, kijana mzuri lakini mdadisi, alikuwa ametoka kwenda kuangalia kinachoendelea katikati ya uwanja. Mshambuliaji wao akamwona, akaupiga mpira mrefu juu ya kichwa chake. Mpira ukadunda, ukaanza kubingirika kuelekea golini, na hapakuwa na mtu.

Naapa, mwanangu, sikuamua. Kichwa changu kilikuwa kimeshakuwa sekretari, lakini miguu haikuwa imepata habari. Niliona tu nyasi zinapita chini yangu. Nikaupiga ule mpira teke ambalo sijapiga tena maishani. Kiatu kiliufuata mpira na kwenda mbali kuupita. Suruali ikapasuka kuanzia nyuma mpaka mahali ambapo sitakutajia. Na kwa sababu ya mazoea, nikainua mikono kuwasalimia mashabiki.

Mwamuzi akaja polepole na karatasi yake ya majina.

"Papa, jina yako haiko ku liste," akasema kwa upole kabisa, kisha akanipa kadi nyekundu na kuwapa wapinzani wetu penalti. Wakafunga. Tukapoteza mbili kwa moja.

Tukapanda basi kurudi. Mimi nilikuwa nimejifunga kitenge cha Mama Veronika kiunoni, nikisubiri angalau mtu mmoja anishukuru kwa kujaribu. Mwisho nikasema mwenyewe kwamba nilikuwa naokoa goli.

Mama Veronika alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka. "Papa Rama," akasema, "ule mupira ilikuwa inaenda inje."

"Metre mbili inje," akaongeza Kazadi, taratibu, kama mtu anayetoa pole msibani.

Ligi ikanifungia kuingia uwanjani mpaka msimu uishe. Sasa mechi ya mwisho, ya hapa nyumbani, lazima tushinde. Kwa aibu niliandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea Mama Veronika asubuhi ya mechi. Akaisoma yote, akatoa kalamu, akasahihisha makosa mawili, akanirudishia.

"Andika tena," akasema. "Ukimaliza, angalia daftari ya makadi. Mi naenda ku terrain."

Akaenda zake uwanjani, nikabaki peke yangu ofisini. Nikaona nilifungue daftari kwanza, ili niondoke nikiwa nimefanya angalau kazi moja. Nikachukua ripoti ya mwamuzi wa Sakania, ambayo nilikuwa naiogopa, nikaanza kunakili. Ndipo nikaona jina la Kazadi. Alipewa kadi ya njano kwa kumfuata mwamuzi na kumwomba anisamehe kwa kuwa nina matatizo ya kichwa. Katika vurugu za kutafuta kiatu changu, hakuna aliyeona, na Kazadi mwenyewe hakujua kwamba zinahesabiwa. Nikahesabu kadi zake. Ilikuwa ya tatu. Mwenye tatu hachezi mechi inayofuata, na akicheza, hata tukifunga matano, ushindi unafutwa mezani.

Ilikuwa imebaki nusu saa mechi ianze. Nikampigia Mama Veronika, simu iko ndani ya mkoba, haisikiki. Kocha kaizima yake. Basi nikatoka mbio kwa magoti haya haya, nikafika getini nikihema kama jenereta mbovu.

"Papa Rama, balikataza uingie," askari wa getini akasema.

Zamani ningemuuliza kama ananijua mimi ni nani. Siku ile niliomba kalamu tu. Nikaandika kwenye karatasi: Kazadi ana kadi tatu. Nikamsihi ampelekee mama mfupi mwenye miwani ya uzi. Akanitazama, akaenda.

Nikakaa nje, karibu na mama mmoja anayechoma mahindi, nikasikiliza mechi kupitia ukutani. Sikujua kama karatasi imefika. Ukuta ulipopiga kelele moja kubwa, sikujua wamefunga akina nani. Mpaka milango ilipofunguliwa na mashabiki wetu kutoka wakiimba jina la kijana aliyefunga, ndipo nikajua tumeshinda na hatushuki daraja. Wakanipita. Mmoja aliniomba nisogee ili apite na ngoma yake.

Mama Veronika alitoka mwisho, faili kwapani. Kazadi alikuwa nyuma yake, amevaa nguo za nyumbani, anacheka.

"Karatasi ilifika," Mama akaniambia. "Ni kipa wa pili njo alicheza." Akarekebisha miwani yake. "Kesho kuya ku kazi saa mbili, usichelewe. Leo umecheza muzuri."

Nilifunga magoli mengi, mwanangu, na hakuna hata moja lililonitoa machozi. Nilimwambia yule mama wa mahindi kwamba ni moshi.

Sasa sikia ninachokuomba. Siku utakapoacha kucheza, acha kweli. Usiende ofisini kutafuta makofi, huko hayapo. Mtafute anayeijua kazi, hata kama hakuna aliyewahi kumwimbia, ukae karibu naye, na akikukosoa usikasirike. Jifunze kazi ndogo kabla ya kuvaa suti kubwa. Na ukikosea mbele za watu, rudi kazini kesho yake, wala usikimbie.

Mungu akutunzie magoti kwa miaka iliyobaki. Akupe macho ya kuona jambo mapema na moyo wa kufurahi wengine wanaposhangiliwa. Na yote utakayogusa, yawe mikononi mwako au miguuni mwako, yaende panapotakiwa. Amina.