Jogoo, Shoka na Hema la Bluu

Sifa ni zake Mungu aliyenihifadhi hadi nikaota mvi, na aliyekipitisha kiti kile juu ya kichwa changu bila kunigusa. Namshukuru pia kwa ajili ya yule kilichompata, maana amepona.

Kiti hicho, rafiki yangu, kilirushwa Magunga, kwenye uwanja wa shule, mchana kweupe. Nilikuwa nimetoka Migori mjini, ninakoishi na wanangu, kuja kutoa maoni. Kaunti inataka kuamua kama kambi za mahema za watalii wanaokuja mbuga ya wanyama ya Ruma ziruhusiwe katikati ya makazi ya watu. Kijana mmoja wa hapo ameomba kufungua kambi kwenye uwanja wa nyasi unaopakana na shamba nililoachiwa na nyanya yangu. Bila saini yangu mimi jirani, ombi lake haliendi popote.

Tulianza kwa maombi. Kisha mama mmoja akauliza hao wageni watajisaidia wapi, na watoto wake wanachota maji pale chini. Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu, "Mama, unaogopa nini? Nani atakuchungulia wewe?" Mwanawe akasimama. Kiti kikaruka, kikampasua afisa wa ardhi kwenye paji la uso. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wakipigana kwa ngumi, kwa viatu, kwa fito walizong'oa kwenye ua wa shule. Damu ya afisa ilidondoka juu ya ramani yake. Nilipoiona ikienea pale palipochorwa zile nyasi, nilirudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Nyanya, dani kama tulivyomwita, alinilea peke yake. Asubuhi niliamshwa na jiwe lake la kusagia mtama, kwaru, kwaru, na nyuma ya nyumba kulikuwa na harufu ya omena zilizoanikwa. Nilichota maji, nikafunga ndama, nikafukuza kuku kwenye ungo. Siku ya Ijumaa kazi zilikuwa mbio, kwa sababu Sabato iliingia jua likizama, na dani hakuruhusu hata kijiti kivunjwe baada ya hapo.

Ijumaa moja walifika wageni watatu kutoka Nairobi, wanaume wawili na msichana, waliotaka kuona wanyama wa bondeni. Waliomba mahali pa kulala. Dani aliwaonyesha zile nyasi kati ya boma letu na la jirani. Jirani alidai ni zake, dani alidai ni zetu, na wazee walikuwa wamesema asijenge mtu yeyote mpaka waamue. Lakini kulala si kujenga, na yeye alikuwa na ugali jikoni na jua linashuka. Aliwauzia jogoo, akawaazima shoka la marehemu babu wapasulie kuni, akaweka makaa ya moto kwenye kigae. "Wapelekee haraka urudi uoge," akaniambia.

Nikaenda mbele, jogoo kwapani, shoka begani, kigae mkononi kikifuka moshi. Wageni walinifuata na fito zao za chuma. Niliimba wimbo wa Sabato. Nilijiona mtu mkubwa.

Sasa elewa jambo hili. Kwetu, mtu aliyeanzisha boma jipya hakuanza kwa karatasi. Alitoka na mwanawe wa kiume amebeba jogoo, shoka na moto, na kibanda kikisimama siku hiyo hiyo, wakalala humo, ardhi ilikuwa imepata mwenyewe. Jirani alikuwa langoni kwake akisokota kamba ya katani. Alimtazama jogoo. Akatazama shoka, akatazama moshi.

"Wewe, mnakwenda wapi?"

"Pale kwenye nyasi, baba. Wanalala leo."

Aliiweka kamba chini.

Hema lilikuwa la bluu, nami nikawaza kwamba litaita mbung'o, maana wanaipenda rangi hiyo. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Gwasi waliposhuka, jirani na wanawe wanne, na marungu na mapanga. Hawakuuliza. Mgeni wa kwanza alipigwa mgongoni akiwa ameinama kupuliza moto. Msichana alivutwa nywele mpaka kwenye miiba. Wa tatu alikuwa ndani ya hema, nao walilikata kamba likamwangukia, wakampiga humo humo. Naiona hata leo ile nguo ya bluu ikipanda na kushuka, ikilia kwa sauti ya mtu, halafu ikigeuka nyeusi sehemu moja, kisha nyingine.

Dani alikuja mbio, unga mikononi. "Yawa! Hao ni wageni! Keshokutwa wanaondoka!"

"Umeleta watu wajenge kwangu! Na mjukuu wako ametangulia na jogoo, nimemwona kwa macho yangu!"

Dani aliona mmoja wao anainamia shoka. Akajitupa juu ya shoka, akalikumbatia kifuani. Jirani aliinua rungu. Nilisikia mfupa wa mkono wa kulia wa dani ukivunjika, mlio kama wa kuni kavu. Mtu alikanyaga kigae, makaa yakaruka, hema likashika moto. Yule mgeni wa ndani alitolewa hai, ila jicho moja lilikuwa limekwenda.

Jirani alifungwa, akarudi amezeeka. Mkono wa dani haukusaga tena. Nikawa nasaga mimi.

Jogoo alikuwa ametoroka katika fujo za Ijumaa ile. Jumapili asubuhi mke wa jirani alikuja naye, amemfunga miguu, akapiga magoti mlangoni. Dani alimwinua kwa mkono uliobaki. "Kosa ni langu pia," akasema. "Nilikuwa na haraka, sikuwaambia." Alilirudia neno hilo mpaka siku aliyolala katika Bwana.

Kijana anayetaka kambi ni mjukuu wa jirani huyo. Fujo zilipotulia alinifuata na fomu yake.

"Jaduong', mzee wangu, samahani. Weka saini tu, hawa watazoea."

"Umewaambia?"

"Tangazo limebandikwa kwa chifu mwezi mzima."

"Babu yako hakusoma tangazo. Alisoma jogoo."

Hakunielewa. Kwao aliambiwa babu alifungwa kwa kupiga wezi wa ardhi. Nilimsimulia yote, naye akaketi chini kwenye vumbi.

Tulizunguka boma kwa boma kuwauliza watu, mikono mitupu. Yule mama alituletea maji ya kunywa. "Nilikataa uwanjani, nakataa na hapa," akasema. Wengine wakasema hivyo hivyo. Sikutia saini. Kijana alikunja karatasi yake.

"Nyanya yako alipigiwa mahali gani hasa?" akauliza.

Nikampeleka. Tulisimama kwenye nyasi hizo, yeye akiwa amevua kofia. Jiwe la dani limebaki mlangoni, limejaa maji ya mvua, kuku wanakunywa humo. Siku hizi boma huanza kwa lori la mabati, na hakuna mtoto anayetangulia amebeba jogoo. Ule mlio wa kusaga asubuhi nausikia moyoni tu.

Wewe uliyenisoma, Mungu akulindie mlango wako, akupe jirani wa kuzungumza naye kabla ya jua kuzama, na mikono yako yote miwili ikae salama.