Nyumba Haifagiliwi Mpaka Msafiri Afike

Enzi zetu pale Kipawa, kando ya uwanja wa ndege, ndege zenyewe tuliziona mali yetu. Zikipita juu ya bati vikombe vilicheza kabatini, mwalimu alinyamaza na chaki mkononi mpaka kelele ziishe, na sisi watoto tulizikimbilia uani tukiziagiza mikate na viatu vya sikukuu. Hazikutuletea hata pipi, lakini hatukuzinunia.

Watu wa nyumbani kwetu walisafiri kwa basi. Baba alipokwenda kwao Lindi wakati wa masika, barabara tope tupu, aliweza kukaa njiani siku mbili, tatu, na muda wote huo mama alificha ufagio uvunguni. "Mkifagia mnafuta nyayo zake," alisema. "Atarudije?" Basi maganda ya mihogo, manyoya ya kuku na mchanga wa miguu yetu vilirundikana sebuleni mpaka ije habari kwamba baba amefika. Mimi na mdogo wangu Mwanahawa, tuliokuwa na zamu ya kufagia, tulifurahi mno. Mwanahawa alikuwa akimwendea baba kwa adabu zote: "Shikamoo baba. Hivi Lindi huendi tena?"

Mwanahawa alikuwa mtu mzima, ana binti yake Zaina, alipopata kazi za ndani Maskati. Zaina, kama vijana wa leo wanaojua umbali wa kila mji ila ukiwatuma dukani wanapotea, alibofya simu akamtangazia bibi yake: "Bibi, kilomita elfu nne kasoro kidogo. Saa tano tu! Ukibandika makande hayajaiva vizuri, mama keshatua. Utafagia leo leo." Mama akacheka. Safari gani hiyo, alisema, isiyotosha hata kuchafua nyumba.

Makande yaliiva. Jioni dalali aliyempeleka akapiga simu, akasema Mwanahawa amefika salama. "Ahsante mwanangu," mama akamjibu, "mpe mwenyewe niongee naye." Simu ikakatika. Tulipiga namba ile mpaka tukachoka, na ya Mwanahawa haikuwa ikipatikana kabisa. Nyumba nzima ikafagiliwa kasoro chumba chake. Mwaka ukapita, na zaidi, kandambili zake zipo mlangoni na vumbi limelala sakafuni, na mama hakumruhusu mtu aingie mle na ufagio. Wageni wakija nilikuwa naufunga ule mlango.

Kisha tukaambiwa amefariki. Kwa ugonjwa gani, mpaka leo hakuna aliyetueleza tukaelewa.

Siku ya kumpokea tulikaa barazani. Zaina alikuwa na simu yake, anaifuatilia ndege kwenye ramani. "Mama yupo juu ya Mogadishu," akasema. Baadaye tena, "Mama kafika Mombasa." Nilitamani kumnyang'anya ile simu, nikashindwa. Ndege ikapita juu ya bati letu, vikombe vikacheza, na Zaina akaizima simu mwenyewe.

Tulimzika alasiri ile ile. Njiani kutoka makaburini nilikuwa naikumbuka Lindi ya enzi zetu, ilivyokuwa mbali, siku tatu za tope, na baba alivyorudi kila mara na korosho mfukoni. Maskati ni saa tano, na mdogo wangu imemchukua zaidi ya mwaka kurudi nyumbani.

Nilimkuta mama ameinama chumbani kwa Mwanahawa, kitenge kiunoni, anafagia. Nikanyoosha mkono nimpokee ufagio.

"Niache," akasema. "Msafiri kafika."