Jina la Bénédicte kwenye Kadi

Mama Bénédicte alikuwa mwombaji kunishinda mimi mchungaji wake, na hilo nalisema kwa wivu kidogo. Kanisa letu la hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ni la udongo na mabati, na akianza kuomba hata wapita njia walisimama. Jina lake hasa ni Pélagie. Lakini kwetu Wakongo mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, basi kila aliyemsalimu alimtajia mtoto aliyempoteza.

Alimpoteza mwaka 2009, tulipokimbia kutoka Fizi, kwetu Kongo. Risasi zilianza wakati Bénédicte, binti wa miaka tisa, ameenda kuchota maji na shangazi yake. Pélagie aliwakamata wadogo wawili akakimbia. Shangazi mtu alikutwa amekufa. Mtoto hakuonekana, si mzima, si maiti.

Tulipofika Nakivale, kabla ya kuandikishwa, alinijia kuniuliza awataje watoto wangapi. Hapa ndipo nilipomponza. Enzi zile nilihubiri kwamba mwenye imani hushuhudia kabla ya kupokea, na kwamba ukisema "sina" umemfungia Mungu mlango.

"Mama, umuandikishe," nikamwambia. "Sema mutoto iko. Kwa imani."

Akamwandikisha kwenye kadi ya mgao ya familia. Siku ya kupigwa picha aliazima binti wa jirani, akapigwa kwa jina la Bénédicte. Mgao wenyewe wa mahindi hakuutaka, alimpa mjane mmoja. Alitaka jina tu, lisikose mahali. Jumapili nikamsimamisha mbele ashuhudie, kanisa zima likapiga vigelegele. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Miaka ikapita. Watu walimwambia subira huvuta heri, na ni rahisi kusema hivyo wakati watoto wako wote wamezunguka sahani. Yeye subira hakuwa nayo hata chembe. Lori la wageni likifika, alikuwa wa kwanza kuchungulia nyuso. Akisikia kuna mtu katoka Fizi, alimfuata hata Masha kwa miguu. Akirudi bure, anaanza kufunga tena, siku tatu bila maji. Alikuwa kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza kidogo tu, Mungu atamsahau.

Mwaka 2014 akaja Sonia, dada wa kanisani anayechuuza vitenge mjini Mbarara, karibu na kambi ya jeshi. Alitukuta sote wawili uani kwa Pélagie.

"Mama Bénédicte, kuna bibi ya askari, anaitwa Norah. Alikuwa na mutoto wa kazi, mutoto wa Fizi. Ule mutoto alikuwa anatafuta mama yake Pélagie. Norah alimuleta mpaka ku ofisi ya hapa."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Na batu ba ofisi balisema nini?"

Sonia akaangalia chini. "Balisema mutoto wa Pélagie iko kwa mama yake, hata picha yake iko. Balisema huyu mama yake ni mwingine."

Mtoto alifika, jamani. Alisimama nusu saa tu kutoka mlango wa mama yake, akarudishwa kwa sababu tayari alikuwa nyumbani. Pélagie hakulia. Alinitazama. Heri angenitukana.

Siku ileile tulipata gari Rwekubo, tukafika Mbarara, tukaenda moja kwa moja hadi lango la kambi ya jeshi. Askari wa zamu, Swaibu, alikuwa mtu mpole.

"Mama, hiyo familia nahama, sasa imepita wiki mbili. Bwana yake napelekwa kazi mbali. Mimi hapana jua wapi."

"Na mutoto?"

"Yeye naenda na wao."

Namba ya simu ya Norah ambayo Sonia alitupa ilikuwa haipatikani. Pélagie akakaa chini palepale vumbini. Mimi nikaanza kazi yangu: nikakemea, nikadai, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba mtoto amekwisha rudi.

"Pasta, nyamaza," akasema. "Hiyo maneno ndiyo ilimufukuza."

Njia nzima ya kurudi nilinyamaza.

Asubuhi akaenda ofisini, nikamfuata. Karani alimweleza kwamba mtoto hawezi kutafutwa ilhali kadi inasema yupo. Lazima jina lifutwe kwanza, na mama mwenyewe ndiye aseme kwa kinywa chake. Tena akamwonya kuwa kudanganya ni kosa, mgao wao wote unaweza kusimamishwa.

"Sasa mama, mtoto iko wapi?"

Nimemsikia Pélagie akiomba tangu asubuhi hadi jua kuzama. Sijawahi kusikia kitu kizito kama kile kimya chake mbele ya meza ya karani. Miaka mitano hakuwahi kulitamka neno lile, maana mimi nilimwambia ni dhambi.

"Haiko," akasema. "Nilibongopa. Sijue fasi iko."

Jina likafutwa. Akaishika meza kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka nilikuwa nimeisikia makaburini tu. Karani akangoja amalize, akaandika jina upya upande wa waliopotea, akamwambia aende nyumbani angoje.

Anangoja bado, na sasa ni 2015. Mgao ulisimamishwa miezi mitatu, wakala walichopewa na majirani. Habari hakuna. Pélagie hakimbilii tena malori. Jioni anaketi mlangoni, mikono magotini, hasemi neno, na kuna siku machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Mara ya kwanza nilidhani imani imemwisha, nikamuuliza kama bado anaomba.

"Niko namungojea Mungu, Pasta. Zamani sikumungojea. Nilikuwa namutangulia."

Halafu akanigeukia. "Pasta, mutoto wangu atarudia?"

Jibu la kichungaji lilikuwa tayari ulimini, lile lile la siku zote. Nikalimeza.

"Sijue, mama."

Akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi. "Basi ikala," akasema. "Tungojee wote."